Mji Uliojengwa Ndani ya Bahari

Pwani ya Afrika ya Mashariki ina miji mingi iliyojengwa ukingoni mwa bahari: Lamu, Mombasa, Tanga, Pangani, Bagamoyo, Kilwa, na mji wa Unguja. Katika miji hiyo bahari huja hata karibu na kuta za nyumba, kisha hurudi, nao watu huvua samaki na kutweka matanga. Walakini wenyewe hukaa katika nchi kavu. Katika somo hili tutasoma habari za mji mmoja wa Ulaya ambao watu wake hawakujenga ukingoni mwa bahari, bali ndani yake. Mji huo ni Venice, na wenyeji wake, ambao ni Waitalia, huuita Venezia. Tutautembea pamoja na watu watano wa nyumba moja, waliokwenda huko asubuhi wakarudi jioni.

Watu hao walikuwa wakikaa katika mji wa Padova, mwendo wa nusu saa kwa gari la moshi. (Jina hilo tumelizoea, ingawa siku hizi gari lenyewe halitoi moshi, kwa maana laenda kwa umeme.) Baba alikuwa mwenyeji wa Pangani, na kazi yake uuguzi hospitalini. Pamoja naye alikuwako mkewe, na watoto wao wawili: mvulana wa miaka 11 na msichana wa miaka 8, waliozaliwa huko huko Italia, wakasema Kiitalia shuleni na Kiswahili nyumbani. Wa tano alikuwa bibi yao, mama yake baba, aliyekuja kutoka Pangani kuwaona wajukuu zake. Bibi huyu alikuwa mke wa nahodha wa jahazi, na tangu utoto wake hajakaa mahali asiposikia bahari.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba, mwaka 2023, siku za mwezi mwandamo, waliamka mapema wakapanda gari. Bibi alikuwa amechukua mfuko wa kashata za nazi alizozipika mwenyewe, kwa kuwa hakuamini kwamba chakula cha njiani cha Wazungu chaweza kumshibisha mtoto.

Gari lilipokwisha kupita viwanda na nyumba za bara, mara nchi ikakoma, maji yakaonekana huku na huku. Daraja hilo la gari la moshi ni refu kupita kilometa 3, nalo lilifunguliwa mwaka 1846. Kabla ya hapo hapana mtu aliyeingia Venice ila kwa chombo. Maji yale si bahari kuu, bali ni wangwa, yaani maji ya chumvi yaliyotengwa na bahari kwa visiwa virefu vyembamba vya mchanga. Bahari huingia na kutoka kwa milango mitatu tu. Bibi akaona magogo yamesimikwa majini, matatu matatu, yamefungwa vichwa pamoja.

Akasema, “Tazameni, hizo ni alama za mkondo. Chombo kikienda nje ya alama hizo kitapanda mchangani.”

Baba akacheka, akajibu, “Kweli, mama. Ndivyo ilivyo. Nami nimekaa hapa miaka 14, na mambo hayo niliambiwa na mtu.”

Kwa ajili ya mikondo hiyo watu wa Venice walipona mara nyingi. Wazee wao wa kwanza walikuwa watu wa bara, waliokimbilia visiwa vya wangwa zamani sana, katika karne ya 5 na ya 6, wakati majeshi ya wageni yalipoivamia Italia. Adui aliyekuja kwa farasi hakuweza kuwafuata, na adui aliyekuja kwa merikebu hakuijua njia. Nao wakati wa vita waling’oa zile alama. Hivyo wakakaa salama, wakawa wavuvi na wachumvi, kisha wafanya biashara, na mwisho mabwana wa bahari. Dola yao ilidumu zaidi ya miaka elfu, mpaka Napoleon alipoiangusha mwaka 1797.

Walipotoka stesheni waliona jambo ambalo watoto wengi hawalisadiki mpaka walione kwa macho. Mbele ya ngazi za stesheni hapana barabara. Upo mfereji mpana, na juu yake zapita mashua za kila namna. Mjini hapana motokaa hata moja, wala pikipiki, na baiskeli imekatazwa. Mji umekaa juu ya visiwa vidogo 118, umeunganishwa kwa madaraja zaidi ya 400, na aendaye huenda kwa miguu au kwa chombo. Wakapanda mashua kubwa ya abiria, wakashuka nayo katika Mfereji Mkuu, ambao una urefu wa karibu kilometa 4, nao umejipinda kama joka katikati ya mji. Wakaona mashua ya mboga, mashua ya posta, mashua ya matofali na saruji, na mashua ya polisi. Baba akawaonyesha mashua ya manjano ya hospitali, ichukuayo wagonjwa. Hata maiti huenda kuzikwa kwa mashua, kwa kuwa makaburi yako katika kisiwa peke yake.

Labda mtauliza: Nyumba za mawe zasimamaje juu ya tope la wangwa? Jibu lake ni miti. Wajenzi wa zamani walikata mialoni na miti mingine, wakaichonga ncha, wakaikongomea topeni, mti kando ya mti, imesongamana kama meno ya chanuo. Juu ya miti hiyo wakalaza mbao nene. Juu ya mbao, mawe meupe yaliyoletwa kutoka Istria, ng’ambo ya bahari ya Adriatic, ambayo maji ya chumvi hayapenyi ndani yake. Na juu ya mawe hayo ndipo wakajenga kuta kwa matofali. Mwisho wa Mfereji Mkuu liko kanisa kubwa jeupe liitwalo Santa Maria della Salute, lililoanza kujengwa mwaka 1631, baada ya tauni kuua karibu theluthi ya watu wa mji. Yasemekana kwamba chini ya kanisa hilo peke yake imesimama miti zaidi ya milioni 1.

Yule msichana akauliza, “Na mbona miti haijaoza, nayo imo majini miaka mingi hivyo?”

Bibi ndiye aliyejibu. “Mjukuu wangu, huko kwetu ukiitazama nguzo ya gati, utaona imelika wapi? Si chini topeni, wala si juu sana. Imelika pale maji yanapopanda na kushuka.”

Naye alisema kweli. Mti huoza kwa kazi ya viumbe vidogo na kuvu, na karibu vyote hivyo vyataka maji na hewa pia. Mti uliofukiwa topeni chini ya maji una maji ya kutosha, lakini hauna hewa. Kwa hiyo hudumu karne nyingi. Mkilikumbuka jambo hili, na lile la mawe meupe yaliyo chini ya matofali, mtafahamu baadaye ubaya ulioupata mji.

Walishuka penye uwanja wa San Marco saa nne na robo. Uwanja huo ni mpana, umetandikwa mawe, na mbele yake limesimama kanisa la Mtakatifu Marko lenye kuba tano. Watu walikuwa wengi sana, kwa maana wageni wa siku moja huja kwa maelfu. (Tangu mwaka 2024, katika siku fulani za mwaka, wageni wa namna hiyo hutozwa ada ya kuingia mjini.) Lakini Bibi hakutazama kanisa kwanza. Alitazama chini. Katika vitundu vya mawe, ambavyo mvua hupitia kwenda baharini, maji yalikuwa yakitoka badala ya kuingia. Yalitoka polepole, bila sauti, yakafanya kidimbwi, na kidimbwi kikakutana na kidimbwi kingine. Wageni wakacheka, wakavua viatu na kupigana picha.

Bibi akauliza, “Leo bamvua, sivyo? Lakini kwetu mwezi ukiandama maji hujaa saa kumi. Hapa yajaa saa nne u nusu.”

“Kila bahari na saa zake, mama,” akasema baba.

“Na yajaa kiasi gani?”

“Kutoka kupwa hata kujaa, kama meta 1 hivi.”

Bibi akashangaa sana, kwa kuwa huko Pangani bamvua huinuka zaidi ya meta 3. “Meta moja tu, na yaingia uwanjani! Basi mji huu uko chini mno.”

Hilo ndilo jambo lenyewe. Mwaka 1897 watu wa Venice walitia alama ya kupimia kimo cha bahari, na vipimo vyote huhesabiwa kutoka alama hiyo. Uwanja wa San Marco huanza kupata maji yakifika kama sentimeta 80 juu yake. Katika karne ya 20 mji ulishuka, kwa sababu dunia yenyewe hapo hushuka kidogo kidogo, na tena kwa sababu viwanda vya bara vilivuta maji mengi katika visima virefu, mpaka vikakatazwa. Na bahari nayo ikapanda. Kushuka kwa mji na kupanda kwa bahari, ukivijumlisha, ni zaidi ya sentimeta 20. Mtu aweza kusema, sentimeta 20 ni nini? Ni shubiri moja tu. Lakini mtu aliyesimama majini hata puani hawezi kuidharau shubiri moja.

Tena pepo zikivuma kutoka kusini-mashariki huyasukuma maji ya Adriatic mpaka pembe ya kaskazini, mahali Venice ulipo. Bamvua na upepo huo vikikutana pamoja, ndipo taabu huja. Tarehe 4 Novemba 1966 maji yalifika sentimeta 194, na tarehe 12 Novemba 2019 yakafika kama sentimeta 187.

Kwa ajili hiyo Waitalia wamejenga milango baharini, katika ile milango mitatu ya wangwa. Kazi ilianza mwaka 2003. Fedha nyingi ajabu zilitumika, na mwaka 2014 watu wengi, na wakubwa miongoni mwao, walikamatwa kwa sababu ya rushwa katika kazi hiyo. Walakini ilikwisha jengwa, na tarehe 3 Oktoba 2020 milango iliinuliwa kwa mara ya kwanza kuzuia bamvua kubwa. Milango hiyo ni 78, nayo ni masanduku ya chuma yenye uwazi ndani, yamefungwa kwa bawaba chini ya bahari. Siku zote yamelala, yamejaa maji, na merikebu hupita juu yake. Hatari ikija, hewa husukumwa ndani yake, maji hutoka, na masanduku huinuka kama ukuta.

Jaribuni jambo hili darasani. Twaeni beseni la maji na kopo tupu. Zamisheni kopo mpaka lijae maji, kisha lipindueni huko huko chini, kinywa kitazame sakafu ya beseni. Sasa twaeni bua la jani la mpapai, ambalo lina tundu ndani, ingizeni ncha yake chini ya kopo, mpulize. Mtaona kopo lajitikisa, kisha lapanda. Hapana mkono ulioliinua, ila pumzi yenu.

Mbona basi siku ile maji yaliingia uwanjani, na milango iko? Kwa sababu milango haifungwi kwa kila bamvua. Ikifungwa, merikebu hazipiti, wala maji machafu ya wangwa hayatoki. Hungojewa mpaka wapimaji wakisie kwamba maji yatafika sentimeta 110. Na kukisia si kujua: tarehe 8 Desemba 2020 walikisia maji madogo kuliko yaliyokuja, milango ikaachwa imelala, nayo bahari ikaingia mjini.

Maji ya siku ile hayakupita vifundo vya miguu, na kabla ya saa sita yalikuwa yamerudi katika vile vile vitundu. Nao wakaingia kanisani, ambalo siku hizi limezungushiwa ukuta mfupi wa vioo ili maji yasifike mlangoni. Ndani, kuba zote zimefunikwa kwa picha za vijiwe vya rangi na dhahabu. Picha mojawapo yaonyesha jinsi mifupa ya Marko ilivyoletwa kutoka Iskandaria ya Misri, mwaka 828. Yasimuliwa kwamba wafanya biashara wawili wa Venice waliificha ndani ya kapu chini ya nyama ya nguruwe, ili wenye forodha, waliokuwa Waislamu, wasiguse.

Bibi akacheka sana, kisha akanyamaza kidogo. “Lakini huo ni wizi,” akasema.

Baba hakuwa na jibu. Na wale farasi wanne wa shaba walio maarufu sana katika kanisa hilo, nao walitwaliwa Constantinople mwaka 1204, Wavenice na watu wa vita vya msalaba walipouteka mji huo na kuupora. Mji ulitajirika kwa biashara, na kwa akili, na kwa kazi. Lakini si kwa hayo tu. Mnara mrefu wa matofali ulio kando ya kanisa wapendeza, ila si ule wa kale. Ule wa kale ulianguka asubuhi ya tarehe 14 Julai 1902. Watu walikuwa wameona nyufa wakaondoka, hapana aliyekufa, ila paka wa mlinzi. Wakaujenga tena vile vile, mahali pale pale, ukafunguliwa mwaka 1912.

Kutoka hapo walikwenda kwa vichochoro, vingine vyembamba hata watu wawili hupishana kwa ubavu, mpaka daraja la mawe la Rialto, lililokwisha jengwa mwaka 1591. Ng’ambo yake liko soko la samaki. Hapo Bibi alikuwa kama amerudi kwao. Aliona pweza, ngisi, kaa, kamba na dagaa. Akabonyeza, akanusa, akakunja uso kwa wengine na kutikisa kichwa kwa wengine, na wauza samaki wakamheshimu. Mvulana akamsomea jiwe lililo ukutani, ambalo limeandikwa urefu wa kila samaki, kwamba aliye mfupi zaidi asiuzwe. Bibi akasema jiwe hilo lingefaa Pangani.

Wakavuka Mfereji Mkuu kwa gondola. Gondola ni chombo chembamba cheusi, urefu wake karibu meta 11, na mpiga kasia husimama nyuma, ana kasia moja tu upande wa kulia. Ungedhani chombo kitazunguka mahali pamoja. Lakini waundaji hukiunda kwa kusudi kimepinda, upande wa kushoto mpana kuliko wa kulia, na kwa hiyo huenda sawa. Kukodi gondola kwa matembezi ya nusu saa ilikuwa euro 80 siku hizo. Lakini penye soko iko gondola ya kuvushia watu, na nauli yake ilikuwa euro 2. Wenyeji huvuka wamesimama. Bibi naye alisimama, hakushika kitu.

Upande wa pili wa mfereji ni mtaa wa Cannaregio, na katika mtaa huo yule mvulana alipotea.

Ilikuwa hivi. Aliona mashua ya takataka, yenye mkono mrefu wa chuma ulioinua vigari vilivyojaa na kuvimwaga ndani. Akasimama kutazama. Mashua ikaenda, naye akaifuata kandokando ya mfereji, akakata pembe, akavuka daraja, akakata pembe nyingine. Alipogeuka hakumwona mtu wake hata mmoja. Akarudi alikotoka, lakini daraja alilolikuta silo alilolivuka. Huko nyuma, baba alipohesabu watu akakuta wanne, moyo wake ulishtuka sana. Maana kingo za mifereji hiyo nyingi hazina kizuizi, na kijana hakujua kuogelea vema. Akamwacha Bibi na msichana penye mlango wa kanisa, naye akaenda huku na mkewe akaenda kule, wakiita. Mama alitazama majini kila alipopita daraja.

Mvulana alizungukazunguka mpaka akaona ya kuwa kila akienda azidi kupotea. Ndipo alifanya neno la akili: alikaa mahali pamoja, kwenye ngazi za daraja, asiondoke. Maji yalikuwa yamepwa, na ngazi za chini zilionekana zimeota kijani. Mama mmoja mzee akapita na kikapu chake, akamtazama, akasimama.

“Umepotea?” akamwuliza kwa Kiitalia.

“Nimepotea, bibi. Lakini naijua namba ya simu ya baba yangu.”

“Basi hujapotea sana,” akasema yule mzee, akamchukua mpaka kwake, pale jirani, akampigia baba simu. Hakumpa namba ya nyumba, maana namba za Venice hazimsaidii mgeni. Hazifuati barabara, bali mtaa mzima, nyumba baada ya nyumba, hata kufika maelfu. Alisema tu, “Njooni penye sanamu ya mtu mwenye kilemba na pua ya chuma.” Sanamu hiyo iko katika kiwanja kiitwacho Campo dei Mori, na kila mtu wa Cannaregio aijua.

Baba alipofika alimshika mwanawe mabega, akataka kumgombeza, sauti haikutoka. Mama alilia. Bibi akafika wa mwisho, ameshika mkono wa msichana, akasema, “Mume wangu, waniacha mjane katika nchi ya watu?” Ndipo wote wakacheka.

Yule mzee akawakaribisha nyumbani. Katika ua palikuwa na kinywa cha kisima, cha jiwe lililochorwa, nacho kimefunikwa kwa chuma. Akaeleza habari zake, na mvulana akamfasiria Bibi. Kisima cha Venice hakikuchimbwa kutafuta chemchemi, kwa maana chini hapana ila maji ya chumvi. Walichimba shimo kubwa chini ya ua mzima, wakalikandika kwa udongo wa mfinyanzi ili chumvi isipenye, wakalijaza mchanga, na katikati wakajenga bomba la matofali. Mvua ikinyesha, maji yalipita katika mchanga, yakasafika, yakajikusanya bombani. Hivyo ndivyo mji uliozungukwa na maji ulivyokunywa maji, mpaka mabomba yalipoletwa kutoka bara mwaka 1884.

Kisha akawaonyesha ukuta wa chumba cha chini. Mwaka 1966 alikuwa msichana wa miaka 14. Maji yalimfika mapajani chumbani humo, yakakaa karibu mchana na usiku, yakachanganyika na mafuta ya kupashia nyumba moto yaliyotoka katika matangi, na yalipoondoka yaliacha mstari mweusi. Mstari wenyewe umepakwa chokaa mara nyingi. Lakini chini yake matofali yalikuwa yakimomonyoka kama mkate mkavu, ukigusa kwa kidole. Zamani maji yaliishia kwenye mawe meupe. Siku hizi yapanda hata matofalini. Tofali hunywa chumvi, chumvi hukauka na kuvimba ndani yake, na tofali huwa unga. Milango ya baharini huzuia mafuriko, haiwezi kurudisha tofali lililokwisha kuliwa.

Bibi akauliza, “Na majirani wako wapi? Mbona kimya hivi?”

“Nyumba hii ina milango minane,” akajibu mwenye nyumba. “Nilipoolewa walikaa jamaa nane. Sasa tumebaki wawili, mimi na mzee mmoja wa orofa ya juu. Ile milango sita ni ya kupangishia wageni. Huja leo, huondoka kesho kutwa. Ni watu wema, lakini nikiugua usiku nitabisha kwa nani?”

Alisema kweli, wala si nyumba yake tu. Mwaka 1951 katika visiwa vya mji wa kale waliishi watu karibu 175,000. Mwaka 2022 hesabu ilishuka chini ya 50,000. Karibu na daraja la Rialto, katika dirisha la duka la dawa, wenyeji waliweka tangu mwaka 2008 kibao cha tarakimu za umeme, ambacho huonyesha watu waliobaki.

Bibi alifungua mfuko wake, akamwekea kashata mezani. Yule mzee akala, akasifu, kisha akainuka, akaleta kibia kikubwa cha mti, kama uteo usio na kina. Kilikuwa cha bibi yake mzaa mama, aliyekuwa mtunga shanga. Wanawake wa mitaa ya maskini walikaa milangoni na vibia hivyo magotini, wameshika sindano ndefu nyingi kwa mara moja, zimetawanyika kama kipepeo, wakizichovya katika shanga na kuzitoa zimejaa. Kazi ilikuwa ya kutwa nzima na ujira mdogo. Ndani ya kibia zilibaki punje chache. Bibi akaokota moja: nyekundu nje, nyeupe moyoni.

“Hii ni samesame!” akasema. “Bibi yangu alikuwa na mshipi wake. Nimeuacha sandukuni Pangani.”

Katika karne ya 19 shanga za Venice zilifika Unguja kwa merikebu, zikavushwa pwani, zikachukuliwa na wapagazi hata Tabora na Ujiji, kuwa fedha ya kununulia chakula njiani, na pembe za ndovu, na hata watu. Wazee hao wawili wakaishika ile punje kwa zamu, kila mmoja akisema kwa lugha yake, na mvulana akachoka kufasiri. Mwisho yule mzee akaikunja katika karatasi, akampa Bibi.

Walipanda gari saa kumi na mbili. Juu ya daraja refu giza lilikuwa likiingia, na magogo ya mkondoni yalionekana marefu kuliko asubuhi. Msichana akaegemea bega la Bibi.

“Bibi, na kesho maji yatajaa tena uwanjani?”

Bibi akahesabu kwa vidole. “Leo yalijaa saa nne u nusu. Kesho, saa tano. Upepo ukiwa wa kusini, yatapita ya leo.”